Puli ya Sitashara

Jumapili, 2 Machi

Nimejitolea tena. Mke wangu Nyamusi anasema mdomo wangu ulipaswa kufungwa kwa skrubu, tena skrubu zenyewe zimejaa nyumbani, hakuna haja ya kutafuta.

Ilikuwa hivi. Jana baada ya ibada, mzee wa kanisa Omosa alitangaza kwamba kanisa letu jipya hapa Birongo litafunguliwa Sabato ya tarehe kumi na tano. Linahitaji jiwe la kumbukumbu, la kumtaja marehemu baba mkwe wangu, Mzee Nyakundi, aliyetoa shamba. Akauliza nani atalichonga. Nyangau akaanza kuinuka. Huwa anainuka polepole, kwa sababu anajua hakuna mwingine. Mabango yote ya Birongo ni yake. Mawe ya makaburi ni yake. Hata "Usikojoe Hapa" ya ukuta wa posho mill ni yake, na ameichorea maua pembeni.

Kabla hajanyooka mgongo, nikasikia mtu akisema, "Nitalichonga mimi. Kwa mashine." Nikageuka kumtazama huyo mjinga. Kumbe ni mimi.

Kanisa zima likanigeukia. Wanaijua mashine yangu. Nimeiunda mwenyewe nyuma ya duka langu la fotokopi, na nimeiita Bezaleli, jina la yule fundi wa hema kule jangwani. Inatakiwa kuchonga maandishi bila mkono wa mtu. Mpaka leo imechonga neno moja tu: KARI. Lilipaswa kuwa KARIBU, stima ikapotea. Ubao huo niliutundika mlangoni hata hivyo. Wateja wageni huniita Bwana Kari.

Mama mkwe alikuwa benchi la mbele. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapigi soga. Kuna ensoni, heshima iliyochanganyika na haya, kwa hiyo hakunigeukia. Alimwambia Nyamusi, kwa sauti iliyofika mpaka kwa kwaya, kwamba marehemu alizoea kusema mkwe wake ni kama jogoo wa soko la Nyakoe: kelele tangu alfajiri, yai hakuna. Kisha akasema basi, mwacheni ajaribu. Jiwe atalitoa yeye. Na ni moja tu.

Jogoo! Marehemu alinitania hivyo miaka yote, na amekufa kabla sijamjibu. Jiwe hili ndilo jibu langu.


Jumanne, 4 Machi

Jiwe limeletwa kutoka Tabaka. Lilikuja kwa pikapu, limelazwa juu ya majani ya migomba kama mgonjwa. Jeupe, laini, pana kama meza ya watu sita. Mama mkwe ametuma ujumbe kupitia kwa Nyamusi: nisiweke kikombe cha chai juu yake. Ujumbe ulifika nikiwa nimeshaweka.

Nimeikagua Bezaleli. Kazi yake ni rahisi, hata mtoto angeielewa. Mota inazungusha puli, yaani kigurudumu kidogo chenye meno. Meno ya puli yanavuta mkanda wenye meno. Mkanda unavuta kichwa chenye ncha ya kuchongea. Kuna mota mbili: moja inapeleka kichwa kulia na kushoto, nyingine juu na chini. Puli zote mbili zina meno ishirini. Kompyuta inahesabu meno hayo, na hivyo inajua kichwa kimefika wapi.

Hesabu hiyo aliiweka Valentine, binti yetu anayesoma Eldoret. Aliandika ishirini na kunionya: "Baba, ukibadilisha puli, hata kama inafanana, nipigie kwanza." Nikamwambia nilikuwa nikibadilisha vipuri kabla yeye hajazaliwa. Akasema hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Hasara moja tu. Mkanda wa kulia na kushoto umeliwa na panya. Si neno! Nina fotokopi iliyokufa, na ndani yake kuna mkanda mweusi, meno madogo yale yale. Pacha kabisa. Wengine wangekimbilia dukani. Mimi natumia akili.


Jumatano, 5 Machi

Si pacha.

Mwanzoni meno ya mkanda yalikaa kwenye meno ya puli vizuri, kama wanakwaya wanaoanza wimbo pamoja. Kufika katikati kila mmoja yuko kwenye ubeti wake. Nafasi kati ya jino na jino imezidi kwa unywele tu. Lakini unywele ukiurudia mara mia unapata msuko. Mkanda ukapanda juu ya meno na kuanza kuruka. Tak! Tak! Tak! Nyangau alikuwa anapita na ndoo yake ya rangi. Akaingiza kichwa dirishani na kuuliza kama nimeanza biashara ya bisi, na kama nitatia chumvi.

Nikampuuza. Nikaamua kuukaza mkanda. Ukakataa kukazwa. Nikachukua nyundo kuisogeza puli kidogo.

Puli ya kulia na kushoto imepasuka vipande viwili.

Nyamusi aliuliza kule ndani kuna nini. Nikamwambia ninachagua puli mpya. Akasema ni mara ya kwanza kusikia mtu akichagua kwa nyundo.


Ijumaa, 7 Machi

Kisii mjini, dukani kwa Yakub.

Yakub ni mtu mwema, lakini Kiswahili chake kinachosha. Babu yake alitoka Mombasa na marobota ya nguo, akaoa hapa, akabaki. Nguo ziliisha zamani, siku hizi wanauza vipuri vya redio na mota. Kiswahili hakikuisha. Ukiingia kuuliza betri unatoka na methali.

Aliniuliza maswali mengi kuliko daktari. Nafasi kati ya meno ni kiasi gani? Tundu la katikati lina upana gani? Mkanda una upana gani? Meno mangapi? Nikamwambia nataka ile inayong'aa. Mkewe, Ubah, aliyekuwa akipanga nyaya, akasema kwamba wateja wa aina yangu wangehamia duka la bangili lililo jirani. Nikamwambia shemeji, mimi nina kazi ya Mungu mkononi.

Mkanda nilipata, baada ya Yakub kulinganisha meno yake na kipande cha puli yangu chini ya taa. Tundu sikuwa na hakika nalo, nikamwonyesha kwa kidole cha mwisho. Alikitazama kidole muda mrefu. Kisha nikasema meno ishirini. Akasikitika. Ishirini zimekwisha mpaka wiki ijayo. "Ila sitashara ninazo, Mzee Angwenyi. Chukua sitashara, mashine itakwenda."

Sitashara!

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi ndiye mkalimani wa kanisa. Wahubiri wageni wakija, ni mimi ninayesimama kando yao na kuyageuza maneno yao kuwa Kiswahili. Watu wa Birongo wakikwama neno, wanakuja kwangu. Siwezi kusimama mbele ya duka lenye wateja watatu na kumuuliza mtu maana ya neno la Kiswahili. Nikafikiri haraka. Ishirini zimekwisha, lakini Sitashara zipo. Basi Sitashara ni kampuni. Na kwa sauti yake, ni ya Japani.

Nikatikisa kichwa. Nikasema hata mimi Sitashara ndiyo niliyokuwa nikiitafuta, nilitaja ishirini kwa mazoea tu. Yakub akasema vizuri, naona Mzee unaijua kazi.

Hata mimi naona hivyo.


Jumapili, 9 Machi

Tundu ni kubwa. Kidole changu kilidanganya. Puli inazunguka kwenye shafti ya mota kama kofia ya mtu mzima kichwani mwa mtoto. Nilikata bati la kopo la soda, nikalivingirisha kwenye shafti, nikaikaza puli juu yake. Ikakaa. Nikaandika jina langu kwenye ubao kwa majaribio.

Nyamusi aliutazama ubao na kuuliza kama ANGWENYI ameshikwa na malaria. Herufi zilikuwa zinatetemeka zote, hasa ile Y.

Sikupigia Valentine. Angeniuliza kama nimebadilisha kitu.


Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi Kisii na mota yenyewe kwapani. Yakub amepima shafti kwa chombo, akatoa puli nyingine. Akasema ni ile ile sitashara, tundu tu ndilo dogo. Nikasema bila shaka, mimi kwangu haiingii puli nyingine. Mwanamume mmoja pembeni, nadhani ni fundi wa redio, akanitazama kwa heshima. Nilivuta tumbo ndani.


Jumatano, 12 Machi

Ushindi!

Puli imekaa kama pete kidoleni. Mkanda hauruki, hautetemeki. Kwa majaribio nimemchongea mke wangu jina lake kwenye ubao wa mparachichi. NYAMUSI. Safi, mistari imenyooka. Ila herufi zimetoka nyembamba kidogo. Nyembamba na ndefu, kama wasichana wa magazetini.

Nilitegemea malalamiko. Nyamusi akaushika ubao mbali, akausogeza karibu, akauweka juu ya kabati la vyombo. Akasema kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nimemwona alivyo. Chai ya jioni ilikuja na maziwa mengi.

Nyangau akaja kupeleleza, akajidai anataka kupiga fotokopi ya kitambulisho. Akautazama ubao. Akauliza hizi herufi zako zinafunga mfungo gani, injinia, mbona mbavu zinaonekana? Nikamjibu taratibu kwamba hiyo ni Sitashara. Akausogelea ubao tena. Nikaona midomo yake ikijaribu kulitamka. Hajawahi kuisikia! Akasema ahaa, Sitashara, ndiyo, anaijua, ila watu wa Birongo hawajafikia kiwango hicho.

Akasahau kitambulisho chake kwenye mashine. Nitampelekea kesho. Nimeitazama picha yake, hapo pia ni kama anainuka polepole.


Ijumaa, 14 Machi

Sina hakika nitaandikaje haya.

Maneno yalikubaliwa na wazee wa kanisa: MZEE NYAKUNDI ALITOA SHAMBA HILI. Chini yake: KWA KAZI YA MUNGU. Chini kabisa: BIRONGO 2025. Niliyapanga kwenye kompyuta mwenyewe, yakajaza jiwe kutoka ukingo hadi ukingo, na nafasi sawa kila upande. Kwenye kompyuta yalikuwa mazuri mno hata nikamwita Nyamusi ayaone.

Stima ilipotea asubuhi. Nikangoja. Ikaendelea kupotea. Kwetu jua likitua Ijumaa ni Sabato, hakuna kazi, hata ya kanisa. Mzee Omosa alikuja mara mbili kuniuliza jua linatua saa ngapi, ilhali saa ni yake na jua ni letu sote. Stima ikarudi alasiri. Nikaiwasha Bezaleli, nikafumba macho, nikaomba.

Ikachonga! Mashine yangu! Vumbi jeupe likapanda, herufi moja baada ya nyingine, za kina kizuri, hakuna iliyokosewa. Majirani walikuja kusimama mlangoni. MZEE. NYAKUNDI. Nilitokwa na machozi kidogo, nikasingizia vumbi. Nilikuwa nikimwambia marehemu moyoni: sasa, baba, nani jogoo?

Halafu Bezaleli ikanyamaza. Imemaliza. Jiwe halijaisha.

Mistari yote imeanza vizuri kushoto. Lakini HILI limeishia mbali kabla ya ukingo. Upande wa kulia, kutoka juu hadi chini, kuna uwanja mweupe mtupu. Ng'ombe angelala hapo. Ndama angalau.

Nimepima jiwe upya. Labda limekua. Halijakua. Nimeilaumu stima, kwamba ilirudi ikiwa dhaifu, maneno yakakosa nguvu ya kufika. Nyamusi alisimama kando yangu, hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mke wangu akikosa la kunitania, hali ni mbaya.

Jua likatua. Hakuna kuchonga tena, hakuna kurekebisha, na jiwe lilikuwa moja. Nyamusi akalifunika kwa kitambaa cha meza, kile chenye zabibu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake hajalala wiki nzima akingoja kuliona.

Valentine alipiga simu. Nikamwambia kila kitu ni shwari na kwamba mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.


Jumamosi, 15 Machi, jua limetua

Niandike kwa utaratibu, maana nisipoandika leo kesho nitaanza kuamini ninavyosimulia.

Mhubiri wa leo alitoka Zambia. Anahubiri kwa Kiingereza, mimi namfuata kwa Kiswahili. Kanisa limejaa mpaka nje. Jiwe liko mlangoni chini ya zabibu zake. Mama mkwe benchi la mbele, kitambaa kipya kichwani, macho chini. Mimi juu ya jukwaa nikitafsiri kama mtu anayesoma hukumu yake.

Mhubiri akafika kwa wale wanafunzi kumi na wawili. Sasa, kwa Kiswahili cha kanisani hatusemi kumi na wawili. Tunasema Thenashara. Nimelisema neno hilo tangu nikiwa mtoto wa Shule ya Sabato, maelfu ya mara, bila kulitazama. Leo nikalisema kwa sauti, "Akawaita wale Thenashara," na masikio yangu mwenyewe yakalisikia.

Thenashara. Kumi na mbili.

Shara.

Ulimi ukaendelea peke yake. Kwenye kipaza sauti, mbele ya kanisa zima na wageni kutoka Zambia, nikapiga kelele: "SITASHARA!"

Kumi na sita! Puli ina meno kumi na sita! Kompyuta inahesabu ishirini, puli inatoa kumi na sita, na kila duru meno manne yanabaki njiani. Manne katika ishirini. Ndiyo ule uwanja mweupe. Ndiyo herufi zilizofunga mfungo. Yakub hakunidanganya hata kidogo. Alinihesabia meno, nami nikamtikisia kichwa.

Kanisani, mambo mengine. Mhubiri alinitazama na kungoja. Wazee wa kanisa walianza kufungua kurasa kwa haraka kuwatafuta wale wanafunzi wanne wa ziada. Mzee Omosa alinyoosha mkono kuuliza kama hiyo ni tafsiri mpya. Nyangau ndiye pekee aliyetikisa kichwa kama anayeelewa. Nikasema samahani, ni koo.

Kisha tukatoka mlangoni. Omosa akavuta kitambaa.

Nilisikia kuku wa jirani. Watu walisoma, halafu macho yao yakateleza mpaka kule kulikokuwa hakuna kitu. Nyangau akaanza kutabasamu. Anatabasamu kama anavyoinuka, polepole. Mhubiri akauliza kwa upole, na mimi nikalazimika kulitafsiri swali juu yangu mwenyewe, ile nafasi ni ya nini.

Nilifungua mdomo kukiri. Naapa nilikuwa nimeufungua. Lakini Omosa akawahi. Akasema bila shaka nafasi hiyo ni ya majina ya wazee wa kanisa. Mweka hazina akauliza tangu lini, na kamati ya ujenzi iandikwe wapi? Mama mmoja wa kwaya akasema kwaya ndiyo iliyobeba mawe ya msingi, wazee walibeba faili. Hapo pakachemka. Omosa akamwambia heshima, mama. Mama akamwambia heshima haibebi mawe. Watu wakaanza kupima ile nafasi kwa viganja, majina mangapi yataingia. Mwingine akawa anafupisha la kwake.

Mama mkwe akapita katikati yao. Hakumsukuma mtu, walimpisha. Akainama, akaweka kiganja chake juu ya ule upande mtupu, akakiacha hapo. Viganja vingine vyote vikaondoka juu ya jiwe.

Hakunitazama. Ensoni ni ensoni. Alimwambia Nyamusi, kwa sauti ile ile inayofika mpaka kwa kwaya: "Mwambie mume wako nimeona. Baba yako alilala upande wa kushoto miaka yote. Ameniachia upande wangu."

Mzee Omosa alivua kofia. Mwenye kufupisha jina akaacha.

Kisha mama mkwe akaondoa mkono, akajipangusa vumbi, akaongeza: "Na mwambie jogoo ametaga."

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Nikaufunga.


Jumatatu, 17 Machi

Mimi ni mtu mkubwa Birongo. Jana wajane wawili walinisimamisha njiani kunishika mikono. Mwenye kibanda cha chai amesema alilia. Mzee Omosa anasimulia kwamba yeye tangu mwanzo aliitambua ile nafasi, akachokoza ugomvi makusudi ili mama aseme mwenyewe.

Nyamusi aliniuliza nyumbani, taratibu, kama nilikusudia. Nikamwambia mtu hana budi kuwafikiria wakwe zake. Akanitazama. Akautazama ubao wake wa mparachichi juu ya kabati. Nikaiona hesabu ikipita usoni mwake. Akauliza, "Kwa hiyo na mimi nilibanwa? Sijapungua?" Chai imerudi kuwa nyeusi.

Valentine naye ameshapewa habari na mama yake. Alipiga na kuuliza puli ina meno mangapi. Nikasema sitashara, kama mtu asiyejali. Alicheka mpaka akaangusha simu. Aliporudi akasema kurekebisha ni kuandika kumi na sita mahali pa ishirini, dakika moja, ningempigia tu. Nikamwambia anisomee hatua zote vizuri, nazisikiliza. Nilikuwa natafuta miwani.

Nyangau amepaka upya bango lake. Chini ya MABANGO NA MAKABURI ameongeza: PIA TWAANDIKA KWA SITASHARA. Herufi ni nene kama viazi. Tayari ana mteja.

Nimejifunza jambo. Naliweka hapa ili niwe nalisoma: kuuliza si aibu. Mtu akinitajia neno nisilolijua, nitamuuliza maana yake papo hapo, hata kama duka limejaa, hata kama Ubah yupo. Kutikisa kichwa kumekwisha.


Jumatano, 19 Machi

Kazi mpya! Watu wa kanisa la Ekerenyo wamekuja kwa boda boda tatu. Walisikia. Wanataka jiwe la ukumbusho, ila wao wamesisitiza maneno yajae kutoka ukingo hadi ukingo, nafasi isibaki hata ya kidole, kwa sababu wanajuana na wangeuana kuigombania. Nikawaambia wasiwe na shaka. Wanalileta jiwe Jumatatu. Ni moja tu, limetolewa na bibi yao mmoja, mkali, wanasema.

Kwa hiyo sitashara haifai. Hilo nalijua sasa, mimi si mjinga. Ningeweza kubadilisha ile namba ya Valentine, lakini kazi kubwa inataka puli mpya, si viraka. Nikapanda kwenda Kisii.

Yakub alinipokea kwa shangwe, habari zimemfikia. Akasema nina bahati, zile za ishirini zimefika hatimaye, leo asubuhi. Halafu akainama chini ya kaunta. "Ila kwa fundi kama wewe, Mzee, zimekuja pia chache za thamantashara. Hizi hazikai."

Nilikumbuka ahadi yangu. Niliikumbuka vizuri kabisa. Nikafungua mdomo kuuliza.

Lakini nikatumia akili kwanza. Sitashara ina sita ndani yake, mtu yeyote aliyesoma angeona. Thenashara iko kanisani. Hili ni neno la namna nyingine. Nikalisema polepole moyoni. Thamani. Ni bora zaidi, imetajwa kwenye jina lenyewe! Kwa nini mkalimani aulize maana ya thamani?

Nikamwambia ishirini azirudishe, ni za wanaoanza. Ubah alikuwa anacheka ndani ya mtandio wake, akimnyooshea mumewe vidole kumi, kisha vinane; sijui walikuwa na utani gani.

Nikatikisa kichwa.